SOMO LA UENDESHAJI: MASHINE PEPE INAPOLEMEWA NA KAZI
Namna ya kutafuta chanzo cha prosesa kutumika kupita kiasi

MAKUSUDI YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, katibu wa chama na wanachama wenzake wataweza:

(a) kueleza mashine pepe ni nini na inavyogawana prosesa na wenzake;
(b) kutofautisha prosesa iliyojaa kazi na mashine inayosubiri zamu yake;
(c) kufuata hatua za uchunguzi kwa utaratibu, pasipo kubahatisha;
(d) kupima ushauri wa fundi kabla fedha za wanachama hazijatumika.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINAWAHUSU WANACHAMA

Mkulima anapofikisha mazao yake ghalani, hupimiwa, huandikiwa stakabadhi, na baadaye hulipwa kwa mujibu wa stakabadhi hiyo. Zamani kumbukumbu hizo zilikaa katika leja peke yake, na leja ikichelewa, aliyechelewa alikuwa karani. Pale ambapo hesabu zimehamishiwa katika kompyuta, mashine ikichelewa husimamisha foleni nzima: karani hawezi kufungua jina la mwanachama, taarifa ya malipo haitoki, na watu waliotoka vijiji vya mbali hurudi mikono mitupu.

Hapo ndipo maneno hutapakaa. Mmoja husema seva imezeeka. Mwingine hudai inunuliwe nyingine. Wa tatu, ambaye hajalipwa, hunong'ona kwamba kuna mtu anachezea hesabu. Chama kisichojua kuchunguza hasara hukipata mara mbili: kwanza kwa kununua kifaa kisichohitajika, kisha kwa kupoteza imani ya wanachama. Kwa hiyo uchunguzi wa jambo hili haumhusu fundi peke yake. Katibu hatarajiwi kuwa fundi, lakini hana budi kujua maswali ya kuuliza na majibu yapi yanatosha.

2. MASHINE PEPE NI NINI

Prosesa ni kiungo cha kompyuta kinachotekeleza amri. Prosesa ya siku hizi huwa na viini kadhaa, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake kwa wakati wake. Seva yenye viini 16 ni kama chama chenye matrekta 16.

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi inayobeba nyingine huitwa mashine mama katika somo hili. Juu yake hukaa programu msimamizi, ambayo kazi yake ni kuzigawia mashine pepe prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Kila mashine pepe hudhani kwamba ina prosesa zake yenyewe. Hizo huitwa prosesa pepe. Kwa kweli ni zamu tu za viini halisi, zinazogawanywa upesi mno hata mtumiaji asitambue.

Utaratibu huu si mgeni. Kampuni ya IBM iliuanza katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa kompyuta zake kubwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliuleta katika kompyuta za kawaida mwaka 1999. Mwaka 2005 Intel ilianza kutoa prosesa zenye msaada maalumu wa kubeba mashine pepe, na AMD ikafuata mwaka 2006. Mwaka 2007 KVM iliingizwa katika kiini cha mfumo wa Linux, na mwaka 2008 Microsoft ikatoa Hyper-V.

Faida yake ni dhahiri. Badala ya kununua seva sita, ambazo kila moja hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, chama hununua seva moja na kuweka mashine pepe sita ndani yake. Lakini anayetumia trekta la ushirika anajua sharti lake: mashamba yote yakitaka kulimwa asubuhi moja, lazima mengine yasubiri. Sehemu kubwa ya somo hili inatokana na sharti hilo.

3. MAANA YA ASILIMIA

Mtu anaposema "prosesa imefika asilimia 100", bado hajaeleza tatizo. Amesema tu kwamba katika muda uliopimwa prosesa haikupumzika. Trekta linalolima kutwa nzima msimu wa kilimo haliumwi. Ugonjwa upo pale ambapo kazi haikamiliki kwa wakati, au pale ambapo mashine inahangaika ilhali hakuna aliyeituma.

Yapo mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuamini tarakimu yoyote.

Kwanza, vipimo havihesabiwi kwa namna moja. Katika Windows, programu ya Task Manager huhesabu asilimia 100 kuwa ni prosesa zote kwa pamoja. Katika Linux, amri ya top kwa kawaida huhesabu prosesa moja kuwa asilimia 100, hivyo programu moja inaweza kuonyesha asilimia 300 katika mashine yenye prosesa nne, na isiwe kosa.

Pili, programu nyingine hutumia prosesa moja tu kwa wakati mmoja. Programu ya namna hiyo ikikwama katika mzunguko usio na mwisho ndani ya mashine ya Windows yenye prosesa pepe nne, Task Manager itaonyesha asilimia 25 tu. Asiyejua atasema mashine ina nafasi tele, kumbe prosesa moja imekamatwa kabisa na kazi ya malipo imesimama. Kuiongezea mashine hiyo prosesa nyingine hakuwezi kuisaidia programu hiyo hata kidogo.

Tatu, mashine pepe haijui kwa hakika kinachotokea nje yake. Inaponyimwa zamu, haiwezi kuhesabu vema muda iliokuwa imesimamishwa. Kwa sababu hiyo kipimo cha ndani lazima kilinganishwe na kipimo cha mashine mama. Kadhalika, anayetumia Hyper-V ajue kwamba Task Manager iliyofunguliwa katika mashine mama haionyeshi kazi inayofanywa na mashine pepe zake. Yampasa kutumia Performance Monitor na kuangalia vipimo vya Hyper-V vyenyewe.

4. HATUA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: kuandika malalamiko. Kabla ya kugusa kitu, katibu aandike katika daftari ni nani aliyelalamika, ni kazi gani iliyochelewa, ilianza saa ngapi, ilikwisha saa ngapi, na kama wengine pia walichelewa. Tatizo linalorudi kila Jumatatu saa 2 asubuhi lina chanzo tofauti na lile lililoanza siku programu mpya ilipowekwa. Saa na tarehe mara nyingi humwelekeza mchunguzi mahali penyewe.

Hatua ya pili: kuangalia ndani ya mashine pepe. Hapa fundi hutafuta programu inayotumia prosesa kuliko nyingine. Katika Linux, amri ya top huugawa muda wa prosesa katika mafungu yenye alama, na kila fungu lina habari yake:

us – muda wa programu za watumiaji, kama vile programu ya hesabu;
sy – muda wa mfumo wenyewe, kama kuhudumia diski, mtandao na kumbukumbu;
wa – muda ambao prosesa haikuwa na kazi kwa sababu ilikuwa inaingojea diski;
st – muda ambao mashine ilikuwa tayari kufanya kazi, lakini zamu ikapewa mwingine;
id – muda wa kupumzika.

Fungu la st ndilo la kuzingatiwa zaidi katika mashine pepe. Lipo hasa katika mashine zinazobebwa na KVM au Xen, na katika nyingi zinazokodishwa kwa makampuni ya nje. Linapopanda, mkulima yupo shambani na jembe limefungwa, lakini trekta liko kwa jirani.

Hatua ya tatu: kuangalia mashine mama. Fundi apime viini vyote vya mashine mama vinatumika kwa kiasi gani, na kila mashine pepe inasubiri zamu kwa muda gani. Katika VMware kipimo cha kusubiri zamu hutolewa kwa milisekunde kwa kila kipindi cha sekunde 20. Kukigeuza kuwa asilimia ni hesabu nyepesi. Sekunde 20 ni milisekunde 20,000. Mashine yenye prosesa pepe moja ikisubiri milisekunde 1,000, imesubiri 1,000 ÷ 20,000, yaani asilimia 5 ya muda wake. Ikisubiri 3,000, ni asilimia 15. Kama mashine ina prosesa pepe nne na kipimo ni cha zote kwa jumla, jawabu ligawanywe kwa nne ili kupata wastani wa kila moja. Mafundi wengi huanza kuangalia kwa makini wastani unapopita asilimia 5, na hulihesabu kuwa tatizo la kweli unapopita asilimia 10.

Hatua ya nne: kuainisha. Vipimo vya ndani na vya nje vikiwekwa pamoja, hali huangukia katika mojawapo ya mafungu manne:

Hali ya 1. Prosesa imejaa ndani, na kusubiri zamu ni kidogo. Chanzo kimo ndani ya mashine pepe yenyewe: kazi ni nyingi kweli, au programu ina kasoro.

Hali ya 2. Kusubiri zamu ni kwingi, na viini vya mashine mama vimejaa. Mashine mama imebebeshwa kupita nguvu zake, au mashine pepe nyingi zimeamka kwa wakati mmoja.

Hali ya 3. Kusubiri zamu ni kwingi, ilhali viini vya mashine mama vina nafasi. Aghalabu kuna kikomo kilichowekwa juu ya mashine hiyo, au imepewa prosesa pepe nyingi kuliko inavyofaa.

Hali ya 4. Kazi ni polepole, lakini prosesa haijajaa, na fungu la wa limepanda. Hapa prosesa inasingiziwa. Mwenye kosa ni diski, au kumbukumbu iliyopungua hata mfumo ukalazimika kuhamisha vitu kwenda diski na kuvirudisha.

Hatua ya tano: kubadili jambo moja, kisha kupima tena. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya, na kesho hatajua la kurudia.

5. VYANZO VYA KAWAIDA NA TIBA ZAKE

(a) Ukaguzi wa virusi na nakala za akiba. Programu za kuzuia virusi zina desturi ya kukagua faili zote kwa saa iliyopangwa. Mashine pepe sita zikipangiwa saa ileile, mashine mama hulemewa ingawa kila moja inafanya jambo jema. Tiba ni kuzipishanisha saa na kuuhamishia ukaguzi mkubwa usiku. Kuizima kabisa programu ya kuzuia virusi si tiba.

(b) Umeme kurudi. Baada ya umeme kukatika, mashine pepe zote hutaka kuwaka kwa pamoja, na kila moja hupakia mfumo wake na kutafuta masasisho. Programu msimamizi nyingi zina mahali pa kupanga zipi zianze kwanza na zipishane kwa dakika ngapi. Ianze ya hifadhidata, ifuate ya malipo, kisha zile zinazoweza kungoja.

(c) Hifadhidata isiyo na faharasa. Hiki ni chanzo ambacho hukua polepole pamoja na chama. Programu iliyokwenda vizuri mwaka wa kwanza huanza kulemea mwaka wa tano, si kwa kuharibika, bali kwa sababu orodha imekuwa ndefu na kila swali linaisoma yote. Mfano wake umo katika sehemu ya 6.

(d) Upungufu wa kumbukumbu. Mashine isiyo na kumbukumbu ya kutosha hutumia nguvu nyingi kuhamisha vitu. Katika Linux, safu za si na so katika amri ya vmstat zikiendelea kuonyesha tarakimu kubwa, au jina kswapd0 likishika nafasi ya juu katika top, dawa ni kumbukumbu, si prosesa.

(e) Vifaa vya kuigiza. Mashine pepe iliyowekwa bila programu saidizi za programu msimamizi wake hutumia kadi ya mtandao na diski za kuigiza, na kila pakiti ya data huipa prosesa kazi ya ziada. Dalili ni fungu la sy kuwa kubwa. Tiba ni kuweka VMware Tools katika VMware, viendeshi vya virtio katika KVM, au huduma za ushirikishaji katika Hyper-V. Lililo baya zaidi ni pale ambapo msaada wa prosesa wa kubeba mashine pepe umezimwa katika mipangilio ya mwanzo ya mashine mama. Programu nyingine zitakataa kuwaka. Nyingine, kama QEMU, zinaweza kuendelea kwa kuigiza prosesa nzima, na mwendo ukawa wa kobe.

(f) Prosesa iliyopunguzwa mwendo. Mashine mama iliyowekwa katika hali ya kubana umeme, au iliyopata joto kwa vumbi na feni mbovu, hupunguza mwendo wa prosesa. Kazi ni ileile, lakini asilimia hupanda. Chumba cha seva kisicho na hewa kinaweza kulifanya jambo hili kila siku saa 8 mchana, na mtu akatafuta kosa katika programu mwezi mzima. Kufuta vumbi hakuna gharama.

(g) Prosesa pepe nyingi mno. Wengi huona ajabu kuambiwa kwamba kuongeza prosesa pepe kunaweza kupunguza mwendo. Katika VMware, prosesa pepe za mashine moja hutakiwa kwenda kwa mwendo unaokaribiana. Moja ikitangulia sana, husimamishwa ili wenzake waifikie. Mwenye kudai matrekta manane yaende sambamba shambani mwake husubiri kuliko mwenye kudai mawili. Kanuni njema ni kuanza na prosesa pepe chache, kupima, na kuongeza pale tu vipimo vinapodai.

(h) Mashine ya kukodi yenye akiba ya zamu. Baadhi ya makampuni hukodisha mashine za bei nafuu ambazo hupewa kiwango kidogo cha kudumu na akiba ya kutumia panapo haja. Katika aina ya T za Amazon, sehemu moja ya akiba ni sawa na prosesa pepe moja kufanya kazi kwa asilimia 100 kwa dakika moja. Akiba ikiisha, mashine hurudishwa kwenye kiwango chake kidogo, au chama hutozwa fedha zaidi, kwa kadiri ya mpango uliochaguliwa. Katibu asome mkataba, ajue ni lipi kati ya hayo mawili chama kilichokubali.

(i) Mgeni asiyealikwa. Wapo wahalifu wanaoingiza katika seva za watu programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Mojawapo, XMRig, huchimba sarafu iitwayo Monero kwa kutumia prosesa. Yenyewe ni programu halali, lakini huwekwa kwa siri katika mashine za wengine. Dalili ni prosesa kujaa usiku na sikukuu, wakati hakuna mtu ofisini, na programu hurudi kila inapozimwa. Mara nyingine hujificha kwa jina linalofanana na la mfumo. Kuizima hakutoshi, kwa maana aliyeiingiza angali ana mlango. Mashine itengwe na mtandao, ushahidi uhifadhiwe, nywila zote zibadilishwe, na mashine ijengwe upya kutoka nakala iliyo safi. Kamati iarifiwe siku hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

6. MFANO WA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Chama kikuu kina mashine mama yenye viini 16. Ndani yake zimo mashine pepe sita: ya hifadhidata ya wanachama yenye prosesa pepe 8, na za malipo, pembejeo, barua pepe, faili za ofisi na mafunzo, kila moja ikiwa na 4. Jumla ni prosesa pepe 28. Chama kina wanachama 3,000.

Kila Jumatatu, kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, malipo hukwama. Fundi wa kwanza hufungua mashine ya malipo, huona prosesa imejaa, na kushauri iongezwe kutoka prosesa pepe 4 hadi 8. Ushauri unafuatwa. Jumatatu inayofuata hali ni mbaya zaidi, na fundi sasa anashauri inunuliwe seva mpya.

Katibu anaomba vipimo viwili ambavyo havijachukuliwa: muda wa kusubiri zamu, na orodha ya kazi zilizopangwa saa 2 asubuhi. Inaonekana kwamba kila prosesa pepe ya malipo ilikuwa ikisubiri milisekunde 2,400 katika sekunde 20, yaani asilimia 12, na baada ya kuongezwa ikasubiri 3,000, yaani asilimia 15. Orodha inaonyesha kwamba mashine zote sita huanza ukaguzi wa virusi saa 2 kamili. Hii ni Hali ya 2. Ukaguzi unahamishiwa usiku kwa saa zinazopishana, na mashine ya malipo inarudishwa kwenye prosesa pepe 4. Jumatatu ya tatu kusubiri kumeshuka hadi milisekunde 400, yaani asilimia 2.

Hata hivyo, siku ya kuchapa taarifa za wanachama, mashine ya hifadhidata bado inajaa. Kusubiri zamu ni kidogo na diski imetulia. Hii ni Hali ya 1. Fundi anachunguza swali linaloulizwa na programu na kukuta kwamba orodha ya stakabadhi ina mistari 600,000, nayo haina faharasa ya namba ya mwanachama. Kwa kila mwanachama mashine huisoma orodha yote. Kwa wanachama 3,000 ni 3,000 × 600,000, yaani mistari 1,800,000,000. Lakini kwa wastani mwanachama mmoja ana stakabadhi 200 tu. Baada ya faharasa kuwekwa, mashine huiendea mistari 200 ya mwanachama anayehusika, na kwa wote husoma karibu mistari 600,000. Kazi imepungua mara 3,000, na hakuna kilichonunuliwa.

Kikundi kizingatie kwamba yalikuwapo matatizo mawili yenye sura moja. Kama chama kingenunua seva mpya, ukaguzi wa saa 2 ungehamia humo pamoja na orodha isiyo na faharasa. Nafuu ingeonekana kwa muda, na orodha ingezidi kukua hadi chama kirudi palepale.

7. MAKOSA YA KUEPUKA

Kuzima na kuwasha kabla ya kupima. Mashine ikiwashwa upya hutulia kwa muda, lakini ushahidi hupotea. Kama malipo lazima yaendelee, angalau ichukuliwe picha ya skrini inayoonyesha programu zinazotumia prosesa na saa ya wakati huo.

Kuua programu isiyojulikana. Programu ya hifadhidata ikikatwa katikati ya kuandika, kazi iliyokuwa haijakamilika hupotea, na huenda ikachukua muda mrefu kujirekebisha.

Kuitegemea picha ya hali ya mashine kuwa nakala ya akiba. Picha hiyo husaidia kurudi nyuma baada ya badiliko baya, lakini hukaa pamoja na mashine yenyewe. Diski ikifa, vyote hufa. Tena picha za zamani zilizoachwa huweza kuzorotesha diski.

8. WAJIBU WA KATIBU NA WA KAMATI

Katibu atunze daftari la mashine kama anavyotunza daftari la ghala. Ndani yake ziandikwe mashine pepe zote, prosesa pepe na kumbukumbu ya kila moja, kazi zilizopangwa na saa zake, na mabadiliko yote kwa tarehe na jina la aliyeyafanya. Aandike pia vipimo vya siku ya kawaida. Asiyejua mapigo ya mtu mzima hawezi kusema ya mgonjwa yamezidi kwa kiasi gani.

Kamati inapoletewa ombi la kununua seva au kuongeza gharama ya kukodi, iulize maswali haya: Ni kazi gani iliyochelewa, na kwa muda gani? Kusubiri zamu ni asilimia ngapi? Ni programu gani inayotumia prosesa kuliko nyingine? Ni kazi zipi zinazoanza saa ileile? Ni badiliko gani moja lililojaribiwa, na vipimo vya kabla na baada ni vipi? Fundi mwenye majibu anastahili kusikilizwa, hata kama ombi lake ni kubwa. Wakati mwingine kazi imekua kweli na seva haitoshi. Hapo kununua ni haki, na vipimo ndivyo vitakavyouthibitishia mkutano mkuu.

Mwisho, wanachama waliochelewa waelezwe ukweli kwa lugha nyepesi: nini kilitokea, hesabu zao ziko salama au la, na lini watalipwa. Mwanachama huvumilia mashine iliyochelewa, lakini havumilii ofisi iliyonyamaza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mashine ya Windows yenye prosesa pepe nane ina programu moja iliyokwama katika prosesa moja. Task Manager itaonyesha takriban asilimia ngapi?

2. Mashine yenye prosesa pepe nne imeonyesha jumla ya kusubiri milisekunde 6,400 katika sekunde 20. Wastani wa kila prosesa pepe ni asilimia ngapi? Je, kuna haja ya kuangalia kwa makini?

3. Eleza kwa maneno ya kikundi kwa nini prosesa pepe nyingi zaidi huweza kuleta mwendo mdogo zaidi.

4. Ofisi imefungwa kwa sikukuu, lakini prosesa imejaa siku tatu mfululizo. Taja vyanzo viwili vinavyowezekana na hatua ya kwanza kwa kila kimoja.

5. Chunguzeni chama chenu: je, daftari la mashine lipo? Kama halipo, nani ataliandika, na litakaguliwa na nani?

Majibu ya hesabu: swali la 1, asilimia 12.5, swali la 2, asilimia 8, na ndiyo, kuna haja.